Uliza Jikoni: Kisu kipya, makali ya siku mbili

Tangu nilipogusia kunoa visu vya samaki katika toleo lililopita, barua zimemiminika, na nyingi zina kilio kimoja: kisu kimenunuliwa kipya, kinang'aa, siku ya kwanza kinakata hadi raha, wiki haijapinduka hakiwezi hata nyanya. Nimechagua barua tano. Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: nilikata minofu ya sangara kiwandani hapa Mwanza kwa miaka mingi, na sasa nina kibanda cha kunoa visu Kirumba, karibu na Mwaloni. Wateja wangu ni wauza samaki, wauza nyama, mama lishe na mafundi viatu. Visu vyao karibu vyote ni vya bei ya chini, na hivyo ndivyo ninavyovishika kutwa nzima.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mama lishe hapa Morogoro. Nilinunua visu vitatu kwa mmachinga, shilingi elfu tatu kila kimoja, vimeandikwa "Stainless Steel" ubavuni. Nikinoa asubuhi, ikifika saa sita mchana kisu kinaponda nyanya badala ya kuikata. Je, nimepigwa? Ninunue vya bei gani ili nipumzike?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujamlaumu mmachinga, chukua kimoja kati ya hivyo visu usimame nacho mlangoni penye mwanga. Kishike makali yakiwa juu, uyachungulie kuanzia kwenye mpini hadi kwenye ncha. Makali yaliyo hai hayaonekani, maana ni membamba mno na mwanga hauna pa kutua. Ukiona uzi mweupe unaong'aa, hapo ndipo yalipokufa. Sasa pitisha kidole gumba taratibu kutoka ubavuni kwenda nje (usikiburute kufuata makali, utajikata), upande mmoja kisha wa pili. Upande mmoja ukikwaruza na wa pili ukiteleza, makali hayajaisha, yamelala tu. Pande zote zikiteleza na uzi bado unang'aa, basi yamelika.

Nakuhakikishia, kwa kisu kinachokufa kati ya asubuhi na mchana, utakuta yamelala. Chuma laini hakingoji kulika. Kila kinapogonga ubao, ukingo wake unajikunja kidogo, na ukishajikunja unaponda.

Kwa nini kiwe laini wakati ni chuma? Chuma cha kisu kina kaboni ndani yake, kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia moja. Kaboni hiyo haifanyi kazi mpaka chuma kipikwe: kipashwe moto hadi kiwe chekundu, kipozwe ghafla, kisha kipashwe tena kwa moto mdogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Kisu kilichorushwa hatua hiyo ni bapa tu lililokatwa umbo la kisu. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vingi vya jikoni vya Ulaya viko kati ya 54 na 58, vile vya Kijapani vya wapishi hupita 60, na bapa ambalo halijapikwa halifiki hata 30. Mtengenezaji anayebanwa na bei hapunguzi kung'arisha, kwa sababu mng'ao unauona dukani. Anabana kwenye kupika, kwa sababu huko huoni.

Zaidi ya hapo, ipo stenlesi ambayo haipikiki kabisa. Ni ile ya vijiko na masufuria, inayoandikwa 18/10, maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Ipashe utakavyo, izamishe utakavyo, haiwi ngumu. Bahati nzuri hiyo inajisema: sumaku haiing'ang'anii. Ng'oa sumaku ndogo kwenye spika mbovu ya redio, itie kwenye pochi, uende nayo sokoni. Sumaku ikidondoka kwenye kisu, kirudishe mezani kwake. Ikinata, bado hujashinda, maana kuna chuma cha vijiko cha 18/0 kinachonata na hakipikiki vilevile. Sumaku inakutoa kwenye kibaya zaidi tu.

Kipimo cha pili unaweza kukifanya palepale bila muuzaji kuchukia. Ikiwa kisu ni chembamba, egemeza ncha yake kwenye mti, kikunje kidogo, upana wa kidole hivi, kisha ukiachie. Halafu kichungulie kwa urefu. Watu wengi hudhani kisu kigumu kinakataa kukunjika. Sivyo, kilichopikwa na kisichopikwa vinakunjika kwa nguvu ileile vikiwa na unene mmoja. Tofauti iko kwenye kurudi. Kilichopikwa kinarudi kikanyooka kabisa, kisichopikwa kinabaki na upinde. Ukiuona upinde huo, hata uwe mdogo vipi, usikinunue.

Cha tatu ni cha nyumbani. Azima tupa kwa fundi yeyote. Ipitishe mara moja kwenye mkono wa kijiko cha stenlesi, usikie inavyouma. Kisha ipitishe kwenye mgongo wa kisu karibu na mpini. Kwenye kisu kilichopikwa vizuri, tupa inalalamika na kuteleza, inauma kwa shida. Ikiuma sawa na kwenye kijiko, una kijiko chenye umbo la kisu. Ndiyo maana nawashauri mama lishe wote: usinunue vitatu kwa pamoja. Nunua kimoja, kipime kwa tupa, kikifaulu rudi siku hiyohiyo uchukue vingine kwenye boksi lilelile kabla mzigo haujabadilika.

Bei haitakusaidia sana. Nimepata vya elfu tatu vilivyopikwa safi, na vya elfu kumi na tano vyenye mpini wa kuvutia ambavyo ni bati. Kwa pesa ndogo tafuta kisu kisicho na mapambo, chenye mpini wa plastiki na ubapa mwembamba. Wembamba huo ni nusu ya ukataji. Visu vingi vya bei ya chini hukatwa kutoka kwenye bati lenye unene mmoja, kisha hupewa mteremko mdogo tu ukingoni, kwa hiyo hata vikiwa vikali vinapasua karoti kama kabari. Epuka vyenye meno vinavyouzwa kwa sifa kwamba havihitaji kunolewa. Meno yanararua hata kisu kikiwa butu, kwa hiyo yanaficha ubovu wa chuma, na yakiisha huna la kufanya. Kwa mkate vinafaa.

Na niambie, unakatia wapi? Barua yako haikusema, lakini nimewaona wengi wakikatia juu ya sinia la bati au kwenye sahani. Vanishi ya sahani ni ngumu kuliko chuma cha kisu chochote utakachonunua Morogoro. Kata juu ya ubao wa mti. Hata hivi visu vyako vitatu, ukihamia kwenye ubao, utaona vinasogea mbele kidogo.

SWALI: Habari yako mama. Naandika kutoka Nairobi. Fundi mmoja wa Kamukunji ananiuzia kisu kilichotengenezwa na springi ya lori, cheusi, mpini wa mbao. Jamaa yangu anasema hiyo ni mambo ya zamani, ninunue stenlesi ya supamaketi. Nani ako sawa?

JIBU: Salama, kaka. Fundi wako anaweza kuwa amekupa chuma bora kuliko chote kilichoko kwenye rafu ya supamaketi. Neno langu ni "anaweza".

Springi bapa za malori hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na kromiamu kidogo ya kukisaidia kuiva. Ni chuma cha kazi ngumu, kinabeba tani barabarani na kurudi mahali pake. Kinatoa kisu kizuri na panga zuri zaidi. Lakini fundi akikipasha ili akifue kuwa bapa, ule ugumu wa springi unaondoka. Akikiacha kipoe chini kwenye vumbi kisha akakichonga na kukitia mpini, amekuuzia chuma kizuri kilicholala. Lazima akipike upya: akipashe hadi kiwe chekundu cha kung'aa na sumaku iache kukivuta, akizamishe kwenye mafuta, mara nyingi oili chafu ya gari, kisha akirudishe kwenye moto wa upole mpaka ubavu uliosuguliwa uonyeshe rangi ya manjano hafifu kama majani makavu. Hapo atoe. Akipitiliza hadi buluu, amekilainisha kuliko kisu cha jikoni kinavyotaka, ingawa kwa panga la kukatia miti buluu si mbaya.

Kwa hiyo muulize fundi maswali mawili tu. Kwanza, ulikizamisha kwenye nini? Fundi aliyekipika atakujibu papo hapo na pengine atakuonyesha dumu lenyewe. Pili, hii ilikuwa springi au nondo? Nondo ya ujenzi haina kaboni ya kutosha, na visu vyake nimevipokea vingi kibandani. Vinanoleka upesi sana, na kwa fundi huo ni ushahidi mbaya, maana jiwe linalokula upesi hivyo linakula kitu laini.

Mambo ya zamani ni kweli, na ni ya kujivunia. Ng'ambo ya ziwa letu, Kagera, Wahaya waliyeyusha chuma katika tanuri ambamo hewa ya mivukuto ilipita kwenye mirija ya udongo ikapata moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari hizo mwaka 1978, wakaeleza kwamba tanuri hizo zilitoa chuma chenye kaboni, kile kinachoshika makali, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Mafundi wetu wa jua kali hawaigi mtu.

Jamaa yako naye ana hoja. Kisu cha springi kinashika kutu. Ukikatia ndimu ukakiacha kwenye karo, kesho kina madoa, na asidi ya ndimu inakula ukingo kwanza kwa sababu ndio mwembamba kuliko sehemu zote. Kinataka kuoshwa, kufutwa na kupakwa mafuta ya kupikia kidogo kila jioni. Ukiwa mtu wa kuacha vyombo hadi asubuhi, chukua stenlesi.

Lakini asikuambie kwamba stenlesi ilizaliwa ikikata. Mtaalamu wa vyuma Harry Brearley alipoitengeneza kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, chuma chake kilikuwa na kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24 tu, na mafundi visu wa pale walimtania kwamba amevumbua kisu kisichokata. Kilikuwa kinahitaji moto mkali kuliko waliouzoea, zaidi ya digrii 1,000, na hadi leo ndiyo sababu fundi wa mtaani mwenye jiko la mkaa hawezi kukupikia upya kisu cha stenlesi kilichotoka kiwandani kikiwa laini. Cha springi anaweza. Kwa hilo peke yake, nikipewa kuchagua kati ya fundi ninayemwamini na rafu ya supamaketi, naenda Kamukunji.

SWALI: Assalaam alaykum mama. Niko Maskati, nataka kumpelekea mama yangu Unguja kisu kizuri cha jikoni kisichozidi bei. Madukani naona namba: 3Cr13, 5Cr15MoV, X50CrMoV15. Vingine vimeandikwa "German Steel", vingine vina mawimbi ubavuni kama vya damaski. Nichukue kipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Hizo namba si za kukutisha, zinasomeka. Za Kichina huanza na kaboni: 3 ni asilimia 0.3 hivi, 5 ni 0.5, na ukikutana na 8Cr13MoV, ni 0.8. Cr ni kromiamu na namba inayofuata ni asilimia yake. Mo na V ni molibdeni na vanadi, viungo vidogo vinavyosaidia ukingo usilike upesi. Ile ya Kijerumani, X50CrMoV15, nayo inasema kaboni 0.50 na kromiamu 15. Kwa hiyo 5Cr15MoV na X50CrMoV15 ni karibu mapishi yaleyale. Usilipe mara mbili kwa sababu ya herufi X.

Hapa ndipo nataka usikilize kwa makini. Chuma hicho cha Kijerumani kinatumiwa na Victorinox wa Uswisi, ambao visu vyao vya jikoni hukaa kwenye 55 hadi 56 za Rockwell, na kinatumiwa pia na Wüsthof wa Ujerumani, ambao hutaja 58. Chuma kimoja, ugumu mbalimbali, na wote wamefanya walichokusudia. Kiwanda kingine kikichukua chuma hichohicho kikakipika ovyo, kitatoa kisu kinacholala kama vya mama lishe wetu wa Morogoro. Namba ubavuni inakuambia kilichoingia kwenye tanuri. Haikuambii kilichotokea humo ndani. Kwa hiyo kati ya visu viwili vya bei moja, kimoja kinataja chuma tu na kingine kinataja chuma pamoja na ugumu wake, chukua cha pili. Aliyeandika ugumu amejifunga mbele ya mteja.

"German Steel" haimaanishi kisu kimetoka Ujerumani. Neno la kutafuta ni Solingen, mji wa mafundi visu, ambao jina lake limelindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938: kisu hakiruhusiwi kubeba jina hilo kama hatua za msingi za kukitengeneza hazikufanyika huko. Lakini Solingen halisi kwa bei ndogo ni nadra, na mihuri ya kughushi ipo sokoni. Visu vingi unavyoviona vimetoka Yangjiang, katika jimbo la Guangdong, China, ambao ndio mji wa visu wa dunia ya leo. Hilo si aibu kwa kisu. Yangjiang wanapika vizuri kwa anayelipia kupikwa.

Mawimbi ya damaski kwa bei ya chini yaache. Damaski ya kweli ni matabaka ya vyuma yaliyofuliwa pamoja, kazi ndefu. Haya unayoyaona mara nyingi yamechorwa kwa leza juu ya ngozi ya chuma, na mama akikisugua kwa stilwaya yanafifia.

Kuna mashine Sheffield, katika taasisi ya utafiti wa visu iitwayo CATRA, inayopima makali kwa kukata kadi zilizochanganywa na silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga. Inapima kisu kimekata kadi kiasi gani kwa idadi maalumu ya mivuto. Nakutajia hiyo kwa sababu matokeo yake yanategemea pia pembe ya makali na unene wa ukingo, si chuma peke yake. Kisu cha kawaida kilichochongwa chembamba kinaweza kumshinda ghali mwenye ukingo mnene.

Sasa mama yako. Unguja kuna hewa ya bahari, kuna ndimu, ukwaju, samaki na nazi. Chuma cha kaboni tupu kitamsumbua kwa kutu. Chuma kigumu cha 60 na kuendelea kitameguka akigonga mfupa wa jodari au kifuu, na hapo mtaani nani atakinoa? Mchukulie chuma cha kaboni 0.5, ugumu 55 hadi 57, ubapa wa inchi sita au nane, mpini wa plastiki ngumu usioingiza maji. Na ndani ya kifurushi tia jiwe la kunolea la pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Kisu bila jiwe atakifurahia mwezi mmoja.

SWALI: Shikamoo. Naandika kutoka Tabora. Mume wangu ana tabia ya kupasha kisu changu kwenye jiko la mkaa mpaka kinakuwa chekundu ili akate dumu la plastiki. Nikimwambia anakiharibu, anasema chuma hakidhuriki na moto, kwani kilitengenezwa kwa moto. Tuamulie.

JIBU: Marahaba, binti. Mweleze shemeji yetu kwa heshima kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Kisu kilitengenezwa kwa moto, lakini kila moto ulikuwa na kipimo chake, na ule wa mwisho ulikuwa mdogo kuliko wote. Akikipasha hadi wekundu kisha akakiacha kipoe chenyewe, anafuta kazi yote ya kiwandani kwa dakika chache. Sehemu ile haitashika makali tena kwa kunolewa tu, hata umpelekee nani. Ikiwa aliichoma ncha tu, fundi anaweza kuisaga ncha yote iliyobadilika rangi, ukabaki na kisu kifupi chenye afya. Ikiwa alichoma katikati, mpe kiwe cha madumu moja kwa moja, na wewe upate kipya. Kwa plastiki kipande cha nondo kilichobapwa kinatosha, na hakina cha kupoteza.

SWALI: Habari za kazi mama. Mimi nina bucha hapa Dodoma. Nina fimbo ya chuma ninayopigia kisu kila mara, na kila Jumamosi napeleka visu kwa jamaa mwenye grenda. Vinatoka vikali sana, cheche nyingi, lakini Jumatatu vimekwisha. Mzee mmoja wa baiskeli anapita mtaani, ananichaji zaidi na anachukua muda. Pia wapo wanaonoa kwenye kitako cha kikombe. Ipi ni njia sahihi kwa visu vyangu vya bei nafuu?

JIBU: Nzuri, mwanangu, na hongera kwa swali. Mpe kazi mzee wa baiskeli.

Grenda ni ya kukatia nondo na kulainisha mageti. Inazunguka kwa kasi kubwa, diski ni kavu, na ukingo wa kisu ni mwembamba kiasi kwamba joto halina pa kukimbilia. Mkono wako kwenye mpini husikii kitu, huku ukingo umepata moto kupita kwa mbali maji yanayochemka. Angalia visu vyako Jumamosi vikitoka: ukiona alama za buluu au kahawia karibu na makali, hapo pameshalainika. Vinakata kwa sababu umbo limekuwa kali, lakini umbo hilo limesimamishwa juu ya chuma laini. Kisha Jumamosi inayofuata grenda inakula hicho kilicholainika, inapata kizuri kidogo, inakilainisha tena. Na kisu kinapungua. Vipo vilivyoletwa kwangu vikiwa na ubapa mpana kwenye mpini na mwembamba kama kalamu mbele, na mwenye kisu anasema ni cha mwaka huu. Jiwe la mzee linazunguka polepole. Akilinyunyizia maji, mlipe kwa moyo mweupe.

Fimbo yako ni kitu chema sana, ila ujue kazi yake. Hainoi, inanyoosha yaliyolala. Kiwandani kila mmoja wetu alikuwa na ya kwake kiunoni, na baada ya samaki kadhaa mkono unaifuata wenyewe. Visu vya bei nafuu vinafaidika nayo kuliko vya ghali, kwa sababu vinalala haraka na vinanyooshwa haraka. Vile vigumu sana humeguka, na kilichomeguka hakinyooshwi kwa fimbo. Wauza nyama wengi wanakosea kupiga kwa nguvu na kwa kelele ili mteja asikie. Isimamishe fimbo, ncha yake ikiwa juu ya ubao, uteremshe kisu taratibu, pembe ndogo, mara tatu au nne kila upande, kwa uzito wa kisu chenyewe. Ukiona umenyoosha na bado hakishiki nyama, sasa ni wakati wa jiwe.

Kitako cha kikombe kinafanya kazi kweli. Ile duara isiyo na vanishi chini ya kikombe cha kauri ni ngumu kuliko chuma na ina ukwaruzo laini. Inafaa kwa kumalizia. Ukitaka kufufua kisu kilichokufa kwayo utakesha.

Ukitaka kunoa mwenyewe bila kununua jiwe, kanunue duka la vifaa vya ujenzi msasa wa maji, namba 400 na namba 1000. Ulaze ule wa 400 juu ya kipande cha kioo au ubao ulionyooka, uumwagie maji. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kwa unene wa kidole chako cha mwisho. Kwa kisu chenye upana wa sentimita nne hivi, hiyo inakupa pembe ya digrii kumi na saba au karibu, ambayo ni nzuri kwa minofu. Kwa kisu kinachogonga mifupa inua zaidi kidogo, hadi unene wa kidole gumba, maana ukingo mwembamba sana kwenye chuma laini utajikunja kwenye ubavu wa kwanza wa mbuzi. Vuta kisu kurudi nyuma, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, usikisukume mbele, utaupasua msasa. Endelea upande mmoja mpaka upande wa pili uanze kukwaruza kidole kuanzia mpini hadi ncha. Usigeuze kabla ya hapo. Wengi wanageuza mapema, wananoa nusu saa na hawafiki ukingoni. Kikishakwaruza kote, geuza, fanya vivyo hivyo, kisha hamia kwenye 1000 kwa mkono mwepesi, ukibadilisha upande kila mvuto, mpaka ule ukwaruzo uishe pande zote mbili. Malizia kwa kuvuta mara kadhaa kwenye mkanda wa ngozi wa zamani.

Kijaribu kwenye karatasi ya gazeti kabla ya nyama: ishike kwa mkono mmoja ikining'inia, ikate kuanzia juu kushuka. Mahali kitakaponasa na kurarua, hapo hukufika, rudi hapo tu. Halafu kioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla hakijagusa chochote cha kuuza, kwa sababu unga wa chuma na mchanga wa msasa hubaki ubavuni hata kama huuoni, na mteja atausikia mdomoni.